Nywele za Kinyozi

Kinyozi niliyemfahamu Tunduma alikuwa na nywele nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Zilimfunika masikio zikashuka mpaka kwenye kola ya koti, nyingine nyeupe, nyingine za rangi ya vumbi, na asubuhi za baridi alipozisukumia ndani ya kofia ya sufu, kofia ilikaa juu kama mfuniko wa sufuria iliyojaa kupita kiasi. Mgeni akiingia kibandani kwake kunyolewa alisita mlangoni. Wengine waligeuza wakaenda kwa jirani.

Sisi wenyeji hatukusita, kwa sababu tulijua. Aliyekuwa akimnyoa ni mwanawe, kitinda mimba, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Kijana akaingia kwenye unga, dawa za kulevya, akaanza kulala barabarani, kisha akadandia lori akavuka mpaka, na huko ng'ambo akapotea. Tangu hapo Kinyozi hakuruhusu mkono mwingine upite kichwani mwake. Wanawake wa sokoni walimtania kwamba ndiyo maana wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Yeye alijibu bila kucheka, "Wa kuninyoa yupo. Atakuja."

Mimi nauza mitumba, masweta hasa, maana baridi ya Tunduma mwezi wa sita haina adabu. Wanawake wa kanisani kwetu walianzisha utaratibu wa kupeleka uji wa ulezi Jumanne na Ijumaa asubuhi nyuma ya pakingi ya malori, wanakolala watu wasio na pa kulala. Walikuwapo wala unga, walevi wa gongo, utingo walioachwa na magari yao, na wengine ambao akili ziliwatoka bila msaada wa kitu chochote. Sitajipamba. Nilikwenda kwa sababu mwenyekiti wa kikundi alikuwa wifi yangu, na nilikuwa na masweta yaliyotoboka ambayo hayauziki.

Siku ya kwanza tulifumba macho kuombea uji. Tulipoyafumbua, mzee mwenye nywele kama kichaka alikuwa ameshaweka stuli yake chini, amemkalisha mtu, amemfunga kitambaa cheupe shingoni na anachana.

"Baba, tulikuwa tunaomba," wifi yangu akamwambia.

"Nimewasikia, mama. Nilifumba jicho moja."

Hakualikwa, na hakuondoka. Baadaye aliniambia hana ugomvi na maombi, yeye mwenyewe aliwahi kuimba besi kwaya kuu, lakini mtu mwenye njaa akiombewa sana anaanza kumchukia Mungu. "Waombeeni wakishashiba," alisema. Wifi yangu alinuna miezi mingi. Kisha taratibu, bila kutangaza, akaanza kugawa uji kwanza.

Kibandani kwake alikuwa na mashine za umeme kama vinyozi wengine, ila barabarani alitumia mkasi na chanuo tu. Mtu mwenye arosto, alisema, yule aliyekosa unga wake mwili ukaanza kumtetemeka, kila sauti kwake ni msumari. Ukimwashia mashine sikioni ataruka mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kitambaa cheupe kilikuwa cha barabarani pekee, na mkewe alikifua na kukipiga pasi kila mara. Cha kibandani kilikuwa cha zamani, kimefubaa. Nilipomuuliza kwa nini hakuvibadilisha, kizuri kiwe cha kibandani, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunakula kwa mdomo. "Wa kibandani akitoka kwangu anakwenda kuoga kwake," akasema. "Huyu wa barabarani, kitambaa ndiyo nyumba yake."

Alikuwa na kioo pia, kioo cha pembeni cha lori, kimepasuka kona moja. Hakukitoa kabla ya kunyoa hata mtu alie machozi. Mpaka amalize, ampanguse shingo kwa spiriti, ampulizie masikio, ndipo anampa kioo mkononi na kugeuka pembeni akijifanya anakung'uta kitambaa. Nimemwona dereva wa zamani, jitu la miraba minne, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu mimi?" Mmoja alikitupa chini, ndipo kona ilipopasuka. Kinyozi alikiokota, akakifuta, akamwita anayefuata.

Na alikuwa na swali lake, kila kichwa swali lilelile. Aliliuliza akiwa nyuma, mkasi unatembea, kana kwamba hajali jibu.

"Nani alikuwa anakunyoa ulipokuwa mdogo?"

Sisi wanawake tulikuwa tunauliza majina, wanatudanganya. Tulikuwa tunauliza kwao ni wapi, wanataja mji wowote uliopo kwenye barabara ya lami. Kinyozi alisema mtu hasemi ukweli ukiwa unamtazama, na jina ni kitu cha kwanza ambacho barabara inamfundisha mtu kuficha. Lakini swali la nywele halikuwa na ulinzi. Mmoja alisema ni bibi, kwa wembe, ukumbini, akimbana kichwa katikati ya magoti. Mwingine ni mjomba, na mjomba anaishi Ileje, na shamba lake lipo chini ya shule. Hapo tulikuwa tumeshapata mtu wa kutafutwa na mahali pa kuanzia. Vijana wa Kizambia walimjibu kwa Kiswahili cha kuchanganya na kumwita "Batata, mukwai", yaani baba, kwa heshima zote za kwao, hata waliokuwa hawajui leo ni siku gani.

Walioshindwa kujibu aliwaambia wasihangaike. "Utakumbuka nywele zikiota tena." Na nywele zikiota tena, alikuwepo.

Kitu kimoja nilikiona mapema nikakaa nacho. Kila aliyekaa kwenye stuli ile, awe kijana, awe mzee kuliko yeye, Kinyozi alipofika sikio la kushoto alilikunja kwa kidole gumba akatazama nyuma yake. Alitazama, akaliachia, akaendelea. Haikuhitajika kwa kunyoa, maana la kulia hakulikunja.

Aliniambia siku moja mvua ilipotukamata tukajibanza chini ya turubai la wauza matunda. Mwanawe alipokuwa mdogo, akimnyoa kwa wembe, mtoto aligeuka ghafla kumtazama kuku, na wembe ukaingia nyuma ya sikio. Damu ilikuwa nyingi. Kinyozi alimbeba mpaka dukani akamnunulia soda, na hapo baba na mtoto wakapatana kwamba mama asijue. Wakamwambia amejigonga kwenye mlango. Kovu lilibaki, limepinda kama ukucha.

"Mama yake mpaka leo anaulaumu ule mlango," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Usiniponze, dada."

Nikamuuliza kwa nini anakunja masikio hata ya wazee, mwanawe angali kijana.

"Mkono unatafuta wenyewe," akasema. "Mimi nimeshaukataza."

Nisiwape picha ya malaika. Kinyozi alikuwa mkali, mbishi, na mmbea kuliko wanawake wote wa soko letu. Alijua nani ametoroka na nani, na akikunyoa hukuweza kukimbia, utasikia yote. Alikuwa mtu wa ugoro. Alikuwa akisimama mbele ya vijana wenye midomo iliyochubuka akiwahubiria waache unga, pua yake mwenyewe imejaa tumbaku, na wakimcheka alipiga chafya akaendelea kuhubiri. Kibandani kwake mteja akilalamika kwamba pande mbili hazilingani, alimwambia kichwa ndicho hakilingani, akamlaumu nani.

Na huyu mtu aliyewaambia wazazi wa vijana wa pakingi, "Mfungulieni mlango, hata kama amewaibia, fungueni kwanza, sufuria mtazihesabu baadaye," ndiye aliyemfungia mwanawe. Kijana aliuza mashine mbili za kibandani ili apate unga. Kinyozi alimpiga mbele ya wateja kwa ule mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, akamtupia nguo zake nje, akamwambia asikanyage pale mpaka awe mtu. Hilo hakunificha, wala hakulipamba. Alilisema hivyohivyo, akifuta mkasi. Kijana alikwenda pakingi akakaa huko msimu mzima wa mvua, na baba yake alikuwa akipita barabara ya juu ili asimwone. Alipoanza kushuka kumtafuta, stuli mkononi, kijana alikuwa ameshavuka.

Basi ukimsikia akisema msemo wake alioupenda, "Mtu hapotei, anachelewa tu," ujue alikuwa akijiambia mwenyewe. Alituambia sisi, akawaambia akina mama waliokuja na picha za watoto wao kwenye simu, akamwambia hata afisa wa mtaa aliyekuja kuwafukuza watu pakingi. Aliusema mara nyingi mpaka ukanikera. Nilitaka kumjibu kwamba wapo wanaopotea. Sikumjibu, na nashukuru.

Mkewe hakuamini msemo ule. Alikuwa mwanamke mkimya wa Kinyamwanga, mrefu, mikono haitulii. Kwake mtoto aliyenyamaza miaka yote ile, bila simu, bila salamu ya dereva, alikuwa amekufa, na kinachomuua yeye ni kutomlilia. Kwetu msiba una njia yake: watu wanakuja, wanalala chini, mnalia, mnapikiwa, na siku ya kumaliza matanga wafiwa wananyolewa kwa wembe mpaka ngozi. Nywele zile ni za mtu aliyekuwa na marehemu. Zinazoota baadaye ni za mtu aliyebaki. Mkewe alitaka kubaki. Aliita kaka zake kutoka Momba, wakaja wamevaa makoti, wakakaa sebuleni wakamweleza Kinyozi kwa adabu kwamba matanga ya mtu aliyepotea yapo, wazee waliyafanya, na hayana aibu.

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta kile kitambaa cheupe kifuliwe. Kinyozi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji zangu," akasema, "mkimlilia, na yeye huko aliko akasikia kwamba kwao wameshamlilia, atarudi kwa nani?"

Mkewe alinyanyuka akaenda jikoni, na tukamsikia akivunja kuni kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Tangu siku hiyo walikaa ndani ya nyumba moja, mmoja anangoja kilio, mwingine anangoja hodi.

Hadithi ya Elia ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tulikwenda na nia njema.

Elia alikuwa utingo, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Hasamba. Unga ulimshusha kwenye gari ukamweka pakingi. Kwa swali la Kinyozi alijibu kwamba aliyekuwa anamnyoa ni dada yake mkubwa, ambaye sasa ameolewa hapahapa Tunduma, na ambaye alikuwa akimkwepa kwa aibu. Elia alitumia dawa za hospitali, akatulia, akanenepa kidogo, akaanza kutusaidia kuosha vikombe. Asubuhi moja akasema anataka kwenda kumwona mama yake. Tulifurahi mpaka wifi yangu akaimba.

Kichwa cha Elia kilikuwa na vidonda na chawa, mkasi usingetosha. Kinyozi alitaka arudi kwa mama yake akiwa safi kabisa. Akatoa wembe, akamnyoa mpaka ngozi, akampaka mafuta. Nikampa sweta zuri, jeusi, halijatoboka. Kinyozi akavaa koti lake la kanisani, mimi nikavaa kitenge na kujitanda kingine juu, maana tunakwenda kwa watu. Tukapanda basi mpaka Vwawa, kisha bodaboda.

Mama yake Elia alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye meza za kuanikia. Aliinua macho. Alichokiona, na leo nakiona kama alivyokiona yeye, ni mwanawe aliyepotea anaingia na kichwa cha wembe, sweta jeusi, na nyuma yake mzee aliyevaa koti na mwanamke aliyejitanda. Ndivyo msiba unavyoletwa kwetu.

"Nani?" akauliza. Kisha akaanguka juu ya kahawa yake. "Dada yako? Amekufa dada yako?"

Mayowe yakapanda, majirani wakatoka mashambani na majembe, wanawake wakifunga vitenge viunoni huku wanakimbia, na wote wakatukuta sisi watatu tumesimama katikati kama walioua. Kinyozi alipiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, nani amsikie? Ilibidi mtu apande kwenye kichuguu kupata mtandao, ampigie dada mtu, na dada mtu azungumze kwa sauti kubwa kwenye spika ndipo mama yake aamini. Baadaye watu walicheka, wakatupa viti, wakachinja kuku. Mama alimshika Elia kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kile kipara, akaanza kulia upya.

Elia hakula. Nilimwona akitazama kahawa iliyomwagika kwenye vumbi, wadogo zake wakiichambua. Siku chache baadaye alikuwa amerudi Tunduma. Alimwambia Kinyozi, "Mzee, nimeingia kwetu na kilio. Mabaya yote nimeshawapelekea, kilio ndicho kilikuwa kimebaki." Kabla ya mwezi kuisha akadandia lori la Zambia, naye tukampoteza.

Kinyozi hakugusa tena kichwa cha mtu wa barabarani kwa wembe. Chawa aliwatibu kwa dawa, vidonda alivizunguka kwa mkasi, kazi ya asubuhi nzima, na mtu akiomba kipara alikataa. "Nywele ziwepo," alisema. "Mama akuone una nywele." Wembe aliuweka kwenye kopo la kahawa, juu ya kabati la kibandani, na humo ukakaa.

Mimi baadaye nilihamia Vwawa kumsaidia binti yangu aliyejifungua mapacha, nikafungua meza ya masweta hukohuko. Kinyozi nilimsikia kwa watu. Nilisikia bado anashuka pakingi, bado anabishana na wifi yangu, nywele zimefika mabegani.

Kisha msimu huu wa baridi mkewe akanipigia simu. Hakuwa mtu wa kupiga simu. "Dada, njoo," akasema. "Anakuita wewe." Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba nyimbo za msiba.

Niliyoyakuta nitayasema kama nilivyoambiwa na mkewe, maana Kinyozi mwenyewe hakuwa anasema. Elia alikuwa amerudi. Alirudi kwa treni kutoka Kapiri, huko Zambia, amekonda, mkavu, lakini hana unga mwilini, ameacha. Kabla ya kwenda kwao alipita nyumbani kwa Kinyozi, akavua kofia mlangoni. Akawaeleza kwamba huko Kapiri alilala nyuma ya maghala na Watanzania wengine, na mmoja wao alikuwa akiwanyoa wenzake bure, kwa kipande cha mkasi. Kijana huyo aliumwa kifua msimu wa mvua. Walimpeleka hospitali kwenye mkokoteni, hakutoka. Wao wenyewe ndio waliomzika, pamoja na wazee wa kanisa moja la hapo.

Kinyozi alimwambia vijana wanaojua kunyoa ni wengi. Alimwambia hata Kapiri kuna Watanzania wengi. Alisema yote ambayo baba angesema. Elia akamwacha amalize, kisha akasema, "Mzee, alikuwa na kovu nyuma ya sikio. Alikuwa akituhadithia kila akitunyoa. Anasema baba yake alimkata kwa wembe, akamnunulia soda, wakamdanganya mama kwamba ni mlango."

Mkewe alikuwa amesimama na trei ya chai. "Kumbe ulimkata wewe," akamwambia mumewe.

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Na yule mwanamke, aliyengoja miaka yote hiyo ruhusa ya kulia, akaweka trei chini taratibu, akaenda kukaa karibu yake, akamshika mkono. Aliniambia hakulia siku hiyo. Alisema kilio chake kilikuwa kimeiva zamani. Alitaka kwanza kuona cha mumewe.

Nilifika siku ya kumaliza matanga. Kinyozi alikuwa uani kwenye ile stuli ya barabarani, kitambaa cheupe shingoni, na kopo la kahawa lipo miguuni. Kaka za mkewe walikuwa wameshanyolewa. Vinyozi wa mjini walikuja wote, wenzake wa miaka mingi, wamepanga mstari ukutani, kila mmoja na wembe mpya.

"Dada," akaniambia, "wewe."

"Baba, mimi sijawahi kumnyoa mtu. Nitakukata."

"Hawa watanyoa vizuri," akasema. "Sitaki kunyolewa vizuri. Wa kuninyoa vizuri amekwisha."

Nikatoa wembe kwenye kopo, mkewe akaumwagia maji ya moto. Nilianza kwa mkasi. Nywele zilianguka zimeshikana, nzito, harufu ya ugoro na moshi. Chini yake kichwa kilikuwa kidogo. Sijui nilitegemea nini, lakini kilikuwa kidogo, cheupe, na mishipa inaonekana. Nikaweka mkasi, nikashika wembe. Akasema bila kugeuka, "Nyoosha ngozi kwa kidole. Fuata inakolala." Nikafuata inakolala.

Nikiwa nyuma yake hivyo, nikakumbuka mtu hasemi ukweli ukiwa unamtazama.

"Baba," nikasema, "nani alikuwa anakunyoa?"

Akamtaja mwanawe kwa jina. Sikuwahi kulisikia jina lile mdomoni mwake. Akalitaja tena, na la tatu, na hapo kikatoka, kilio cha mzee, kibaya, kisicho na mazoezi. Mkewe akakisikia akiwa jikoni. Akatoka, akakaa chini kwenye nywele, akaegemeza kichwa kwenye goti la mumewe, na wakalia wote wawili. Nilimkata mara mbili. Sidhani kama alijua.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilidhani atalala. Asubuhi nikamkuta mlangoni na stuli na kioo, kofia ya sufu imemzamia mpaka kwenye nyusi maana hapakuwa tena na kitu cha kuizuia. Nikashuka naye.

Pakingi wanajua kusoma vichwa. Alipovua kofia, waliokuwa wamelala waliinuka, na aliyekuwa na chupa aliificha nyuma. Kijana mmoja wa Kizambia alipiga goti, akapiga makofi taratibu kwa desturi ya kwao, akasema, "Batata." Hakuna aliyeuliza nani. Wifi yangu aligawa uji bila kuimba.

Aliyekaa kwanza kwenye stuli alikuwa mgeni, kijana mchafu aliyeshuka na malori ya Congo wiki ileile, hajui chochote. Kinyozi akamfunga kitambaa, akachana, akaanza kukata. Nilisimama na kikombe cha mtu mkononi nikiutazama mkono wake ukizunguka kisogo, ukipanda upande wa kushoto.

Ulipofika sikio, ulisimama. Kisha kidole gumba kikalikunja, Kinyozi akainamisha kile kipara chake chenye mikwaruzo yangu, akatazama nyuma yake, pasipokuwa na kovu, na akaendelea kutazama muda mrefu.

"Kuna nini, mzee?" kijana akauliza.

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema, na akaliachia sikio taratibu. "Tulia. Niambie, nani alikuwa anakunyoa ulipokuwa mdogo?"